Alisema Anashuka

Katika karatasi ya kung'aa ambayo kampuni ya matembezi huwagawia watu wanaotaka kwenda likizo ziwani, kuna picha ya meza iliyoandaliwa juu ya sitaha ya mashua. Wageni wanne wanacheka. Nyuma yao kipande cha tanga jeupe kimejaa upepo, na nyuma ya tanga kuna milima ya buluu. Pembeni, mkono mmoja unaweka bakuli la supu mezani. Ukingo wa karatasi umeukata mkono huo juu kidogo ya kiwiko, na mwenyewe hayumo.

Mwenyewe ni mama yangu mdogo.

Ameibandika picha hiyo ukutani, juu ya kitanda chake chembamba, katika chumba cha kupanga chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Watu wanaomtembelea ni mimi na fundi cherehani wa chumba cha pili, ambaye huja kuazima kiberiti. Sote wawili tulionyeshwa mkono kabla ya kuonyeshwa kiti.

"Huyo ni mimi," aliwahi kumwambia fundi.

Fundi akasogea, akautazama mkono kwa makini. "Mbona umekonda hivyo?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliponisimulia alicheka tena, nami sikuweza. Nimeitazama picha ile mara nyingi, na kila mara najiuliza ni nani aliyeshika mkasi akaona kwamba mwanamke mzima, mwenye uso na historia, hakutoshea mahali palipotosha milima.

Tunamwita mama mdogo kwa sababu alizaliwa baada ya mama yangu; kwa kimo, huinama kila mlangoni. Walizaliwa mbali na ziwa, katika nchi kavu ambako maji yalibebwa kichwani na kupimwa kwa kata. Alipokuwa msichana alijifunza upishi katika jiko la shule ya bweni, na kwa miaka mingi alipika uji wa watoto wa watu. Siku aliposikia kwamba kampuni fulani yenye mashua za mbao za matanga inatafuta mpishi, alimwambia mama yangu maneno ambayo marehemu aliyarudia hadi mwisho wake: "Dada, naenda kuona ziwa, tena watanilipa kwa kuliona."

Hakuliona.

Ninajua kwamba msomaji atadhani natia chumvi. Inawezekanaje mtu afanye kazi ndani ya mashua, kiangazi baada ya kiangazi, akizunguka visiwa ambavyo watu huvuka mipaka kuja kuvipiga picha, asilione ziwa? Nami niliuliza hivyo hivyo, mpaka aliponichorea jiko lake kwa kidole juu ya meza. Lilikuwa chini ya sitaha, kwenye omo, yaani mbele kabisa, mahali ambapo chombo hurushwa na mawimbi kuliko kwingine. Dari lilikuwa fupi, hivyo alipika ameinama. Dirisha lilikuwa duara la kioo kizito, kubwa kama sahani, usawa wa maji. Chombo kilipolala upande wake aliona kijani kitupu, kilipoinuka aliona anga tupu. Katikati ya hayo mawili, pale penye fukwe, miamba, misitu na maporomoko, dirisha lilipita haraka mno.

Na palikuwa na amri. Wageni wakiwa sitahani, mpishi hukaa chini. Sitaha ni nyembamba, walimwambia, na watu wamelipia utulivu. Chakula kilipokelewa mlangoni pa ngazi na mabaharia, wakakipeleka mezani. Mkono ule wa kwenye picha ulipanda siku moja tu, kwa sababu mpiga picha alitaka mkono wa kike, na mwenyewe aliambiwa asiondoe macho kwenye bakuli. Wageni walipolala, naye alipanda kupunga upepo, lakini wakati huo ziwa lilikuwa giza kama giza lingine lolote. Na mashua ilipokuwa nyumbani, ilifungwa ndani ya hori, mkono mwembamba wa maji nyuma ya maghala, ambapo mtu huona mabati, magunia na paka.

Basi alilijua ziwa kwa sufuria. Palikuwa na mahali alipopaita Kona ya Sufuria, ambapo chombo kilipogeuka vyungu vyote vilikimbilia kushoto. Palikuwa na Kwa Vikombe, ambapo mawimbi mafupi yalivigonganisha vikombe kwenye misumari yao. Palikuwa na Kivulini, ambapo dirisha lilifunikwa giza ghafla wakati wa kumenya viazi, kisha mwanga ukarudi. Hakuwahi kujua ni nini kilichokuwa kikiziba jua.

Mabaharia walimwita Bi Jiko, na utani juu ya jina hilo haukukoma. "Nahodha wetu ana jiko lakini hana mke," waliambizana, naye aliwajibu kutoka chini, "Na angekuwa naye, angekula nini? Maneno yenu?" Walimpenda, nasema hivyo kwa haki. Walimpenda kama watu wanavyokipenda kiti walichokizoea.

Lililomuuma lilikuwa dogo, nalo ndilo lililonifanya niandike. Kabla ya kufungua kamba popote walipotia nanga, nahodha husimama kwenye usukani na kuita, "Roho!" Msaidizi wake, mwanamume mwembamba waliyemwita Kamba, hupita akihesabu wageni na mabaharia, kisha hujibu kwa sauti idadi ya roho zilizomo. Idadi ikitimia, ndipo mashua huondoka. Mama mdogo alisikia wito huo kupitia mbao za dari, safari baada ya safari, na aliijua hesabu: haikumjumlisha. Siku moja, wageni wakiwa wameshuka, alipandisha kichwa.

"Nahodha, na mimi je?"

"Wewe je nini?"

"Mimi sina roho?"

Nahodha, ambaye si mtu mbaya, na hilo ndilo linalochosha, alimcheka kwa upole. "Bi Jiko, wewe ni sehemu ya chombo. Chombo kikiwepo, upo. Kikizama, si tutajua?"

Wakaangua kicheko wote. Naye alicheka, kisha akashuka kuosha vyombo. Nimelifikiria neno hilo kwa muda mrefu. Lugha yetu imekipa jina moja kile kinachotuvusha maji na kile tunachokilia na kukiacha kichafu, na nahodha, bila kujua, alikuwa amemweka mama yangu mdogo katika maana zote mbili kwa pumzi moja.

Yaliyotokea yalitokea katika safari ya mwisho ya msimu. Miongoni mwa wageni alikuwamo mwalimu mstaafu, mwanamke aliyesafiri peke yake, ambaye alikaidi amri ya kutoteremka jikoni na kuja kuomba maji ya moto. Mashua ilikuwa imefungwa kwenye gati dogo la mbao la kisiwa ambako husimama kila safari, kwa ajili ya kilima chake. Wageni hupanda asubuhi, hutazama, hurudi wakihema na kuhitaji supu.

"Huko juu," mwalimu alisema akipepea uso, "mtu anaweza kuokoka. Wewe umeshapanda mara ngapi?"

"Mimi hupanda ngazi hii tu, mwalimu."

"Usiniambie!"

"Nikuambie nini tena? Supu atailinda nani?"

"Supu haina miguu, dada yangu. Ijilinde."

Maneno hayo yalimwingia. Supu ilikuwa tayari, mkate umefunikwa kitambaa, samaki wamekwisha kukaangwa, sahani zimepangwa kwa mpangilio ambao mtu yeyote angeweza kupakua gizani. Wageni walikuwa wakioga upande wa pili wa gati, na nahodha alikwisha kusema kwamba wataondoka baada ya kula. Mama mdogo akazima jiko, akanawa mikono, akapanda na aproni yake kiunoni. Kamba alikuwa ameinamia kamba zake, akizifungua fundo.

"Kamba, mimi nashuka."

"Haya, shuka salama, mama," alijibu bila kuinua kichwa.

Naomba msomaji alisikilize neno hilo kama walivyolisikia wawili hao. Kwa kila mtu mwingine katika chombo kile, kushuka kulikuwa kuvuka ubao na kukanyaga nchi kavu. Kwa Bi Jiko, kwa miaka yote ile, kushuka kulikuwa kurudi jikoni. Alisema kweli, kwa Kiswahili kilichonyooka, na aliruhusiwa kwa adabu. Kisha akavuka ubao nyuma ya mgongo wa aliyemruhusu.

Alipanda kilima polepole, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa umesahau kunyooka. Njia ilipita kati ya vichaka na mawe yenye joto. Alipofika juu alikaa chini bila kutaka, anasema, kama mtu aliyesukumwa mabegani.

Lilikuwepo. Ziwa lote lilikuwa limekuwepo wakati wote. Aliona rasi ya mawe meupe iliyochongoka majini, na maji yakizunguka ncha yake kwa povu, akajua bila kuambiwa kwamba ile ni Kona ya Sufuria. Aliona mlango mwembamba kati ya visiwa viwili, uliojaa mawimbi mafupi kama nywele zilizosukwa: Kwa Vikombe. Na ng'ambo aliona jabali jeusi lililopanda wima kutoka majini hadi mawinguni, na maporomoko yakining'inia ubavuni kama utepe uliosahauliwa, na akatamka kwa sauti, peke yake, "Kumbe ni wewe." Hilo ndilo lililokuwa likimnyima mwanga akimenya viazi.

Akiwa bado anatazama, chini yake kitu cheupe kilipanda, kisha kingine. Matanga mawili yalijaa upepo, na mashua ya mbao ya rangi ya asali ikaanza kuteleza juu ya buluu. Hakuwahi kuiona hivyo. Kila mara ilipokuwa na matanga, yeye alikuwa ndani yake. Anasema ilikuwa nzuri kiasi kwamba kwa muda alifurahi tu. Ilimchukua pumzi kadhaa kuelewa kwamba ilikuwa yake, na kwamba ilikuwa inaondoka.

Upepo ulikuwa umewahi. Nahodha aliamua waondoke mara moja, wale njiani. Aliita "Roho!" kama kawaida, Kamba akapita, akahesabu, akajibu, na hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Hilo ndilo linaloniwasha hadi leo. Hakuna aliyekosea. Walihesabu kila waliyekuwa wakimhesabu siku zote.

Alisimama, akavua aproni, akaipunga kwa nguvu zake zote huku akipiga kelele. Kule chini mtu alimwona. Mtu huyo alinyanyua kofia na kuipunga. Kisha wa pili, kisha wote, mstari mzima wa wageni wenye furaha wakimpungia mtu waliyemdhani mwenyeji mkarimu aliyesimama juu ya kilima kuwaaga. Mmoja alinyanyua kamera. Kwa hiyo ipo picha ya pili ya mama yangu mdogo katika dunia hii, mahali fulani, katika nyumba ya mtu asiyemjua. Humo ameingia mzima, ila ni mdogo kama sisimizi.

Hakulia. "Ningemlilia nani?" aliniuliza. Alishuka hadi gatini, akakaa mwishoni mwa mbao, miguu ikining'inia. Kisiwa kile hakina watu. Alijiambia kwamba chakula kitamkumbusha: watamwita alete supu, hatakuwapo, watageuza. Akaikazia macho mashua. Ilifika rasi ya mawe meupe. Akavifikiria vyungu vikikimbilia kushoto bila mtu wa kuvizuia. Ilipita rasi. Jua lilivuka utosi. Mashua ikawa jani, ikawa punje, na haikugeuka.

"Hapo ndipo nilipojua wamekula," alisema.

Aliniambia hivyo akiwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na alikiweka chini taratibu, kana kwamba kingeweza kuamka.

Walikuwa wamekula kweli. Kamba aliteremka, akaita, hakujibiwa. Akadhani amejilaza kwenye kijumba chake cha kulala, maana alikumbuka alisema anashuka. Akakuta kila kitu tayari, akapakua. Wageni waliisifu supu na mmoja akaomba aongezewe. Ni baadaye, chai ya alasiri ilipochelewa na sahani zenye mifupa ya samaki zilipojaa hadi kwenye ngazi, ndipo mtu aliposhangaa. Vyombo vichafu ndivyo vilivyomkosa mwanzo. Kamba aligonga mlango wa kijumba, akaufungua, akapanda na uso umempauka.

"Nahodha, Bi Jiko hayumo."

"Hayumo wapi?"

"Chomboni."

Mwalimu mstaafu, ambaye baadaye alikuja kunisimulia upande huu wa habari, anasema kwamba kimya kilichofuata ndicho pekee walichokipata katika likizo nzima bila kukilipia. Yeye ndiye aliyesema kwa sauti: "Yule wa kilimani. Tulimpungia mkono."

Kurudi dhidi ya upepo si kazi ya mara moja. Walikwenda mshazari huku na huku, na jua lilikuwa bado juu ya milima walipofika. Mama mdogo aliwaona wakija na hakusimama. Kamba aliruka gatini kabla kamba haijafungwa.

"Mama! Ulikuwa wapi? Si ulisema unashuka?"

"Nilishuka."

"Mimi nilijua unashuka chini!"

"Na hapa ni juu?"

Kamba akageuka, akaulaza ubao.

"Panda, Bi Jiko, panda," nahodha aliita kutoka kwenye usukani. "Tumepata hofu sana. Panda tuondoke."

"Nihesabu kwanza."

"Nini?"

"Ita roho. Mimi nikiwa hapa. Nataka kusikia pengo langu, kisha nipande nisikie limezibwa."

"Mama yangu, upepo utatuangusha. Tutahesabiana nyumbani."

"Nyumbani huhitaji kunihesabu, nyumbani utaniona kwa macho." Hakuinua sauti. "Ita."

Wageni walikuwa wamejipanga kwenye ukingo, kofia mikononi, hawajui wazitazame nyuso za nani. Nahodha alikuna kidevu, akatazama mbingu, kisha akaita kwa sauti iliyopungua mamlaka, "Roho!" Kamba akapita akihesabu, akataja idadi. Halafu akasema, akimtazama mwanamke aliyekaa gatini, "Imepungua mmoja." Mama mdogo akainuka, akavuka ubao, akasimama mbele yake mpaka alipoitaja idadi mpya. Ndipo akaenda omo, juu ya jiko lake mwenyewe, akaketi kwenye mto wa wageni.

Hakuna aliyethubutu kumwomba chai. Hakuna aliyethubutu kukaa karibu naye pia. Walimwachia nafasi kubwa pande zote, wakazungumza kwa sauti za chini, mwalimu peke yake akamletea shuka la kujifunika magoti na kurudi mahali pake. Mama mdogo aliinua macho kwenye vitambaa viwili vyeupe vilivyovimba juu ya kichwa chake, akatazama wale watu walioinamisha vichwa kumzunguka kwa mbali, akamwambia Kamba aliyekuwa akipita: "Mwanangu, wengine hufanyiwa matanga wakishakufa. Mimi yangu nimeyaona kwa macho." Kamba hakujua kama anaruhusiwa kucheka.

Alipita Kona ya Sufuria akiwa juu. Alisikia vyungu chini yake vikikimbia.

Msimu ulipokaribia tena, hakuitwa kazini. Nilikwenda naye ofisini. Msimamizi alikuwa kijana mtanashati, mwenye ile karatasi ya kung'aa imepangwa mezani kwa mafungu, na alitukaribisha kwa maneno matamu.

"Shangazi, sisi tunakuheshimu sana."

"Basi nirudishe jikoni."

"Tatizo ni utaratibu. Wewe mwenyewe ulimwambia msaidizi wa nahodha kwamba unashuka. Kila mtu anakiri. Mfanyakazi akishuka kwa hiari yake katikati ya safari, kwetu sisi ameshuka kazini."

Nilimwambia mengi. Nilimwuliza, ikiwa kwa miaka yote ile neno hilo lilikuwa na maana ya ngazi za jikoni, lilipata lini maana nyingine, na nani aliyeibadilisha. Nilimwuliza ilikuwaje chombo chenye haki ya kubeba watu kikawa na mtu ambaye hahesabiwi. Alinisikiliza kwa subira ya mtu anayesubiri mvua ipite. Mama mdogo ndiye aliyenigusa mkono. "Twende, mwanangu. Huyu hayupo." Akachukua karatasi moja kutoka kwenye fungu, akautazama mkono wake, akairudisha.

Siku mashua ilipoanza msimu mpya, alivaa gauni lake zuri akaenda horini, nyuma ya maghala. Nilimkuta amesimama kati ya magunia na paka. Wageni walikuwa wakipanda na mizigo yao. Kamba alimwona, akainamisha kichwa, akajishughulisha na kamba zake. Kupitia dirisha la duara, karibu na maji, tuliona kitambaa cheupe cha kichwa kikipita huku na huku: mpishi mpya, msichana mrefu, naye ameinama.

"Roho!" nahodha akaita.

Kamba akapita, akahesabu, akafungua mdomo kujibu.

"Na wa chini?" mama mdogo aliuliza kutoka nchi kavu. Hakupiga kelele, lakini kuta za mabati ziliipokea sauti yake na kuipeleka.

Wageni waligeuka. Nahodha aligeuka. Kamba alisimama kama aliyeshikwa shati. Kisha akaenda kwenye mlango wa ngazi, akainama, akasema kitu ambacho hatukukisikia, na kichwa chenye kitambaa cheupe kikajitokeza kwenye mwanga, kikipepesa macho. Kamba akainuka na kutaja idadi, akaongeza mmoja, kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika.

Kamba zikafunguliwa. Walisukuma chombo kwa miti mirefu hadi mdomoni mwa hori, na ni huko mbali tu ndipo matanga yalipopandishwa. Kutoka tuliposimama, maghala yalificha karibu yote. Mama mdogo alisimama juu ya gunia ili aone zaidi. Nilimwambia twende nyumbani, jua ni kali. Akasema nitangulie, yeye angali anatazama.